Vigae vya Mto Thames na Historia ya Watu Wasioandikwa

Utangulizi

Waswahili husema mfinyanzi hulia gaeni. Methali hii humsema fundi anayewatengenezea wengine vitu vizima huku yeye akitumia vilivyovunjika. Naamini mwanahistoria naye hulia gaeni. Pale ambapo hakuna barua, daftari la kodi wala kitabu cha mtawala, mara nyingi kinachobaki ni vipande vya vyungu, mitungi na sahani ambavyo wenyewe walivitupa bila kuviangalia mara ya pili.

Insha hii inahusu burudani ya baadhi ya wakazi wa London: kuokota vigae na vitu vingine vya kale kwenye ukingo wa Mto Thames maji yanapokupwa. Nimeichagua mada hii, iliyo mbali na kwetu, kwa sababu mbili. Kwanza, binamu yangu, mtoto wa shangazi, ni muuguzi huko na ana kibali cha kuokota. Kwetu mtoto wa shangazi ni dada tu, nami nitamwita hivyo. Tangu nianze masomo ya chuo amekuwa akinitumia picha za vigae vyake. Pili, nyumbani kwa babu yangu kando ya Ziwa Viktoria, vijana wanaofyatua matofali hukuta vigae kila wanapochimba udongo. Huvitoa, huvitupa pembeni, na kazi inaendelea.

Swali langu ni hili: je, kigae kilichookotwa na mtu asiye mtaalamu kinaweza kuwa ushahidi wa historia? Mwenzangu mmoja darasani alisema hapana, kwamba kuokota ni kuokota na historia ni historia. Mimi nasema inawezekana, lakini kwa sharti moja: kigae kiandikiwe mahali kilipotoka. Sharti likivunjwa, kigae hugeuka pambo la dirishani. Sijafika London. Nimetegemea picha na maelezo ya dada, rekodi za vitu vya kale vya Uingereza zilizo wazi kwenye intaneti, na maandishi ya waliouchunguza mto huo.

Mto unaojaa na kupwa

Msomaji wa Kampala, Kigali au Bujumbura hana budi kwanza kuelezwa jambo ambalo mtoto wa Tanga au Mombasa analijua tangu utotoni. Maziwa yetu hayajai na kupwa kwa namna ya kuonekana kwa macho. Bahari ya pwani, kinyume chake, hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Thames ni mto unaotoka bara, lakini bahari huingia mdomoni mwake na kupanda mpaka Teddington, magharibi mwa London. Katikati ya jiji, tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa hufika mita 7 hivi wakati wa bamvua. Kwa saa chache, ukingo mpana wa tope, mchanga na kokoto hubaki wazi. Kisha maji hurudi kuufunika.

Ukingo huo ni jalala la miaka karibu elfu mbili. Warumi walijenga mji wao wa Londinium karibu mwaka 50 baada ya Kristo, na tangu wakati huo watu wamepakia na kupakua mizigo hapo, wamejenga gati na kuzibomoa, wamepika, wamekunywa, wamevunja na kutupa. Karibu kila aina ya takataka iliingia mtoni. Lakini si kila takataka ilibaki. Shaba iliyovunjika huyeyushwa na kutumiwa tena. Mti huchomwa. Nguo kuukuu hupasuliwa matambara. Chungu peke yake hakina pa kwenda: kikishachomwa hakirudi kuwa udongo wa kufinyangwa, na kikivunjika hakina mnunuzi. Hakiozi wala hakipati kutu. Ndiyo maana vigae ni vingi kuliko karibu kila kitu kingine ukingoni pale.

Mto huohuo unaohifadhi pia huharibu. Mawimbi ya maji yanayojaa na kupwa, pamoja na yale yanayosukumwa na boti, hula ukingo siku baada ya siku. Kigae kilicholala topeni tangu enzi za Warumi kinaweza kufunuliwa leo, na kesho kikasagwa kati ya mawe. Hii ni hoja mojawapo ya wanaoitetea burudani hiyo: kwamba kisichookotwa hakibaki salama mahali pake, bali hupotea. Hoja hiyo ina nguvu, ingawa nitaonyesha kwamba haitoshi.

Kutoka kutafuta riziki hadi kutafuta historia

Kuokota matopeni hakukuanza kama burudani. Katikati ya karne ya 19 mwandishi wa habari Henry Mayhew alizunguka London akiwahoji maskini, na mahojiano yake yakakusanywa katika kitabu kuhusu kazi na ufukara wa jiji hilo. Miongoni mwa aliowaeleza ni watu walioitwa mudlarks, yaani waokota-tope. Wengi walikuwa watoto na vikongwe wa kike. Walishuka mtoni miguu mitupu, wakaokota makaa ya mawe yaliyoanguka kutoka kwenye mashua, vipande vya kamba, mifupa, vyuma na misumari ya shaba, wakaviuza kwa senti chache. Vioo na misumari iliwakata miguu. Kwao, maji kupwa ulikuwa ndio muda wa kazi, hata kama ni alfajiri ya baridi kali.

Katika vitu hivyo walivyouza, vigae havimo. Mtoto mwenye njaa alikikanyaga kigae cha Mrumi akakiacha, maana hakikununulika. Thamani ya kigae ililetwa na watu wa tabaka jingine. Charles Roach Smith, aliyekuwa na duka la dawa London, alikusanya vitu vya kale vilivyotolewa mtoni na kwenye misingi ya majengo wakati Daraja jipya la London lilipojengwa kati ya 1824 na 1831 na miaka iliyofuata. Mwaka 1856 mkusanyo wake ulinunuliwa na Jumba la Makumbusho la Uingereza.

Palipo na mnunuzi hapakosi mwongo. Mwaka 1857 waokota-tope wawili, William Smith na Charles Eaton, walianza kutengeneza beji na visanamu vya risasi wakidai vimetoka topeni huko Shadwell na kwamba ni vya zama za kati. Hawakujua kusoma wala kuandika, kwa hiyo maandishi waliyoyachora yalikuwa mikwaruzo isiyo na maana. Hata hivyo wasomi kadhaa waliamini. Nikisoma kisa hiki siwacheki sana wale mafundi, kwani walikuwa wakitafuta chakula. Nawashangaa zaidi walionunua kitu bila kwenda kutazama kilipotoka.

Burudani yenyewe, kwa sura tunayoijua leo, ilipata msukumo katika karne ya 20. Mwanaakiolojia Ivor Noël Hume alichapisha mwaka 1956 kitabu Treasure in the Thames kuhusu vitu vya mtoni. Baadaye alihamia Virginia, Marekani, akatumia ujuzi wake wa vigae kuchunguza makazi ya walowezi wa Kiingereza, kwa kuwa vyombo vilivyovunjika London vilikuwa na ndugu zake ng'ambo ya Atlantiki. Mwaka 2025 makumbusho ya London yalifungua maonyesho makubwa kuhusu vitu vilivyookotwa Thames. Kazi ya watoto wenye njaa sasa ilikuwa imepewa ukumbi, taa na vioo.

Vigae vinasema nini

Dada hunitumia picha bila maelezo, halafu huniuliza: "Hiki cha lini?" Kwa njia hiyo nimejifunza aina chache, nami nitazieleza zile zinazofundisha jambo.

Kigae cha Kirumi kinachotambulika upesi ni chekundu, laini, chenye kung'aa kama kilichopakwa nta. Vyombo hivyo vilitengenezwa kwa wingi Gaul, yaani Ufaransa ya leo, vikasafirishwa hadi Uingereza. Vingi vina muhuri wa jina la mfinyanzi au karakana yake. Fikiria jambo hilo: mfinyanzi aliyefariki karibu miaka 1,900 iliyopita, ambaye hakuna mwanahistoria wa Kirumi aliyemtaja, jina lake lasomeka kwenye kipande kisichozidi kiganja.

Aina ya pili ni vigae vigumu vya rangi ya kahawia, vyenye uso wa mwanamume mwenye ndevu. Mitungi hiyo ilitengenezwa Ujerumani, hasa Cologne na Frechen karibu na Mto Rhine, na katika karne za 16 na 17 ilifika London kwa wingi. Baadaye watu waliiita kwa jina la Kadinali Robert Bellarmine, mtetezi wa Kanisa Katoliki aliyechukiwa na Waprotestanti, kana kwamba uso ule ni wake. Lakini mitungi ya kwanza ya aina hiyo ilikuwapo kabla kadinali huyo hajazaliwa mwaka 1542. Jina lilikuja baada ya chombo. Katika karne ya 17 baadhi ya Waingereza waliitumia mitungi hiyo kujikinga na uchawi: walitia ndani mkojo, pini, misumari na nywele, wakaifukia chini ya sakafu au jikoni. Kwa msomaji wa Afrika aliyezoea kusoma kwamba ushirikina ni mambo ya kwetu, kigae hicho ni somo zuri.

Aina ya tatu ni vigae vyeupe vyenye michoro ya buluu. Hapa kuna mlolongo mrefu. Kauri ya Kichina ilipendwa sana Ulaya lakini ilikuwa ghali. Wafinyanzi wa Uholanzi na nchi jirani waliiga weupe wake kwa kupaka vyombo vya udongo rangi iliyochanganywa na bati. Wafinyanzi wahamiaji kutoka Antwerp walileta ufundi huo London mnamo 1570, na baadaye karakana zilienea kusini mwa mto, Southwark na Lambeth. Mwishoni mwa karne ya 18 viwanda vya Staffordshire vilianza kuchapa mandhari ya mti wa Kichina, daraja na ndege wawili kwenye sahani za bei nafuu, na hadithi ya mapenzi iliyodaiwa kuwa ya Kichina ikabuniwa hukohuko Uingereza. Kigae kidogo chenye jani la buluu kinaweza kuwa China halisi, Uholanzi inayoiga China, au Mwingereza anayeiga wote wawili. Anayejua kutofautisha hutazama ukingo uliovunjika: kauri ya kweli ni nyeupe na ngumu mpaka ndani, ilhali ya kuiga ina udongo wa rangi ya maziwa au ya njano chini ya ngozi nyeupe.

Sukari, tumbaku na jasho la Waafrika

Kuna vigae viwili ambavyo havina uzuri wowote, na ndivyo vilivyonishika zaidi.

Cha kwanza ni kigae kinene, chekundu, kikavu, kisicho na mchoro. Ni kipande cha kalibu ya sukari. Katika viwanda vya kusafishia sukari vya London, maji ya sukari yaliyochemshwa yalimiminwa katika vyombo vya udongo vyenye umbo la pia, vyenye tundu kwenye ncha. Chombo kilisimamishwa ncha ikiwa chini juu ya mtungi. Asali nyeusi ilidondoka kupitia tundu, na sukari ikabaki juu ikikauka kuwa donge lenye umbo la chombo. Aliyewahi kuona sukari guru ikitengenezwa Uganda ataielewa kazi hiyo upesi. Miwa yenyewe haikulimwa Uingereza. Katika karne za 17 na 18 ilitoka kwa wingi Barbados, Jamaica na visiwa vingine vya Karibi, ikalimwa na Waafrika waliouzwa utumwani pamoja na watoto wao.

Cha pili si kigae cha chungu, lakini ni ndugu yake: kipande cha kiko cha udongo mweupe. Viko vya kuvutia tumbaku vilianza kutumika Uingereza mwishoni mwa karne ya 16. Mwanzoni bakuli la kiko lilikuwa dogo kama ncha ya kidole kwa sababu tumbaku ilikuwa ghali. Kadiri mashamba ya Virginia yalivyopanuka, bei ilishuka na bakuli likakua. Mrija nao ulibadilika. Mwaka 1954 mtafiti J. C. Harrington, aliyechunguza viko vilivyofukuliwa Virginia, alionyesha kwamba tundu la mrija lilipungua upana kadiri miaka ilivyopita, hata ukiwa na mirija mingi unaweza kukisia umri wake kwa kupima matundu tu. Kwa hiyo, kukua kwa bakuli la kiko London ni kipimo cha kukua kwa mashamba ng'ambo, na katika mashamba hayo, kuanzia karne ya 17, Waafrika walifanyishwa kazi bila malipo.

Daftari za wafanyabiashara wa London zipo na zinasomeka. Zinataja mapipa ya sukari, bei, riba na majina ya wenye meli. Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa mwaka 1833, lilitenga pauni milioni 20 za fidia, nazo walilipwa wenye watumwa. Watumwa wenyewe hawakulipwa kitu. Hata katika kukombolewa kwao, majina yaliyoandikwa kwa uangalifu zaidi ni ya waliowamiliki. Kigae cha kalibu hakitaji jina la Mwafrika yeyote, na sitadai kwamba kinataja. Lakini kinafanya jambo ambalo daftari halifanyi: kinaiweka sukari ile mkononi, mtaani, ukingoni mwa mto ambapo mtu wa kawaida wa London alipita. Hakuna anayeweza kusema biashara ile ilikuwa mbali na jiji, wakati vyombo vyake vimezagaa miguuni pake.

Dada aliniandikia siku moja kwamba wenzake wengi ukingoni hutafuta nyuso zenye ndevu na michoro ya buluu, na kalibu ya sukari huipita. Yeye huipiga picha kila anapoiona. Nilimuuliza kwa nini. Alijibu: "Mdogo wangu, hicho ndicho kigae chetu pale."

Kibali, kipimo na taarifa

Sasa nirudi kwenye sharti nililolitaja mwanzoni. Ukingo wa Thames una mwenyewe. Sehemu kubwa inamilikiwa na Mamlaka ya Bandari ya London na taasisi ya mali za Ufalme. Anayetaka kuokota chochote lazima awe na kibali cha Mamlaka hiyo. Kibali cha kawaida hakimruhusu mtu kuchimba zaidi ya sentimita 7.5. Baadhi ya maeneo yamefungwa kabisa, kwa mfano Queenhithe, gati ya kale inayolindwa kama kumbukumbu ya taifa. Waombaji walikuwa wengi kiasi kwamba mnamo Novemba 2022 utoaji wa vibali vipya ulisimamishwa kwa muda.

Kibali kina wajibu wake. Kitu chenye umri wa zaidi ya miaka 300 lazima kionyeshwe kwa ofisa maalumu wa makumbusho, ambaye hukichunguza, hukipima, na kukiandika katika hifadhidata ya taifa iliyoanzishwa kupitia mpango wa mwaka 1997. Hifadhidata hiyo ya Uingereza na Wales sasa ina zaidi ya vitu milioni 1.5, na mwanafunzi wa Kampala mwenye simu na bando anaweza kuisoma usiku kucha, kama nilivyofanya. Kwa kawaida kitu huandikwa kisha hurudishwa kwa aliyekiokota. Kinachobaki kwa umma ni maarifa.

Dada ana utaratibu wake. Kabla ya kutoka hutazama jedwali la maji, kwa sababu maji hurudi haraka na ngazi za kupandia huteleza. Huvaa glavu, maana mto una uchafu na ugonjwa wa mkojo wa panya. Akiona kigae, kwanza hukipiga picha kikiwa palepale, rula kando yake. Kisha hunakili mahali kwa kutumia simu. Baada ya hapo ndipo huamua kukichukua au kukiacha, na mara nyingi hukiacha. Nilipomwambia kwamba kigae fulani kilikuwa kizuri sana, alinijibu kwa ukali kidogo: "Usiulize ni kizuri au kibaya. Uliza nimekikuta wapi."

Wapo wanaakiolojia wasioridhika hata na utaratibu huo. Wanasema kigae cha ukingoni kimeshasukumwa na maji, kwa hiyo mahali kilipookotwa huenda si mahali kilipotupwa. Hoja hii ni ya kweli, nami sidai kwamba ukingo una uhakika wa shimo lililofukuliwa tabaka kwa tabaka. Hata hivyo, kigae kimoja na vigae mia havina uzito mmoja. Mabaki ya vyombo vilivyoharibika tanurini yakionekana kwa wingi mahali pamoja, ni vigumu kuamini kwamba mawimbi ndiyo yaliyoyapanga. Wingi huo hauonekani ila pale ambapo watu wengi wameandika kwa uaminifu. Wengine wanakwenda mbali zaidi: tangu mwaka 2008 kuna mpango wa watu wanaojitolea kuchora na kupima mabaki ya ukingoni yakiwa palepale, bila kubeba chochote. Kwangu mimi, hao ndio wanaoonyesha kiini cha jambo. Historia imo katika kuandika. Kubeba ni ziada.

Kutoka Thames hadi Luzira

Kutoka ukingo wa Thames hadi Jumba la Makumbusho la Uingereza ni mwendo wa chini ya nusu saa kwa miguu. Ndani ya jumba hilo kuna vigae vya Uganda. Mwaka 1929 wafungwa waliokuwa wakichimba kwenye kilima cha Luzira, hapa Kampala, walitoa ardhini vipande vya sanamu ya udongo: kichwa cha mtu na sehemu za mwili. Vilipelekwa Uingereza, na tangu mwaka 1931 vimo katika mali ya jumba hilo. Ni miongoni mwa sanamu za udongo za kale na adimu zaidi katika eneo letu la maziwa.

Tazama tofauti. Vipande vya Luzira vilitolewa na watu wenye majembe waliokuwa kwenye kazi ya gereza, haukuwa ufukuzi wa kitaalamu wenye kuchora kila tabaka. Matokeo yake, kwa miongo mingi wasomi walibishana kuhusu umri na matumizi ya sanamu hiyo. Mwaka 2008 watafiti Andrew Reid na Ceri Ashley walijaribu kuirudisha katika mazingira yake kwa kulinganisha vigae vilivyokutwa pamoja nayo na ufinyanzi mwingine wa kando ya ziwa. Yaani kilichokiokoa kichwa kile kisibaki yatima ni vigae vya kawaida vilivyokuwa kando yake, ambavyo mtu mwenye pupa angevitupa.

Suala la vitu hivyo viwe wapi bado liko hai. Mwezi Juni 2024 vitu 39 vya Uganda vilirejea Kampala kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge kwa mkopo wa miaka mitatu. Ni hatua njema, ingawa neno mkopo linasikika vibaya masikioni mwa mwenye mali. Kichwa cha Luzira hakikuwa miongoni mwa vitu hivyo. Mwanafunzi wa London anaweza kukiendea kwa basi. Mimi, ambaye kilima chenyewe nakipita nikienda bandarini, nimekiona katika picha tu.

Lakini sitaki kuulaumu ukoloni halafu nikakaa kitako. Kando ya Ziwa Viktoria kuna vigae vya ufinyanzi unaoitwa Urewe, kwa jina la mahali magharibi mwa Kenya. Watu waliuanza karne kadhaa kabla ya Kristo, nao umeenea Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na mashariki ya Kongo. Ni ushahidi mkubwa wa wakulima na wahunzi wa mwanzo wa eneo letu, watu ambao hawakuacha andiko hata moja. Sheria zinalinda vitu vya kale katika nchi zetu: Tanzania ina sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964, Kenya ina ile ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, na Uganda nayo ina yake. Hata hivyo, sheria haifiki kwenye shimo la matofali ya babu. Anayefika pale kila siku ni kijana mwenye jembe, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anachokitupa ni maktaba.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba waokota vigae wa Thames wamesaidia historia kwa sababu ya utaratibu uliowafunga: kibali, mpaka wa kuchimba, na wajibu wa kutoa taarifa. Utaratibu huo umeruhusu kigae kisicho na bei kusimulia habari za mfinyanzi wa Gaul, mwoga wa wachawi wa London, na Mwafrika aliyekata miwa Jamaica. Pale utaratibu ulipokosekana, kama ilivyokuwa Luzira, hata kitu cha thamani kubwa kilikaa miongo mingi bila kujulikana umri wake.

Sipendekezi kwamba wanafunzi wa Uganda waanze kwenda ziwani na ndoo. Bila mfumo wa kupokea na kuandika, hilo lingekuwa kusafisha ushahidi mapema kuliko wafyatua matofali. Ninachopendekeza ni kidogo zaidi na kinawezekana. Idara za historia na za Kiswahili katika vyuo vyetu zinaweza kuandaa maelezo mafupi, kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji, yanayomwambia mchimbaji mambo matatu: ukikuta vigae, simama, piga picha vikiwa palepale na uandike mahali, toa taarifa makumbusho. Karibu kila kijana shimoni ana simu yenye kamera. Likizo iliyopita niliwaonyesha vijana wa kwa babu jinsi ya kufanya hivyo, kwa kutumia picha za dada kama mfano. Walicheka kwanza kusikia kwamba Wazungu hulipia kibali ili wakaokote taka. Kisha mmoja wao, aliyeacha shule darasa la sita, aliuliza swali ambalo sikuwa nimelisikia chuoni: kama kigae cha sukari kimeandikwa London, je, na hiki cha kwetu kitaandikwa wapi, na kwa lugha gani?

Nadhani jibu la swali hilo ni kazi yetu sisi tunaosoma historia na Kiswahili kwa pamoja.